Kwa Papa Modeste Bagalwa, Katekista Aliyelala Juu ya Mawe

Mwaka umetimia, Papa, tangu pikipiki ikushushe kutoka Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita, ukiwa umebanwa kati ya dereva na mwanao Cikuru, ukimwomba dereva radhi kila ulipokohoa. Siku tatu baadaye ukatuacha. Ulikuwa na miaka sitini na minne.

Tangazo hili limechelewa kwa sababu ya jina moja, ambalo mke wako, Mama Mwavita, alitaka liandikwe na Cikuru hakutaka. Utusikilize, tukueleze yalivyokuwa.

Kwa miaka thelathini na mmoja ulikuwa karani mtaani Himbi, katika ofisi ya watu wa magari ya mizigo. Shati lako lilipigwa pasi hata siku za mvua. Kila mtu ulimwita kwa majina yake yote, hata muuza makaa. Ulipopumzishwa kazi, padri akatangaza kwamba kambini hakuna wa kufundisha katekisimu. Mama alikuvuta mkono wa shati, lakini ule mwingine ulikuwa umeshauinua.

Kila jioni ulirudi kutoka kambini umechoka, na kila taabu ukaipa somo. Mawe ya volkano yalipochana kiatu chako, ulisema: “Musa alivua viatu mwenyewe. Mimi nimevuliwa, maana sikuelewa haraka.” Kidumu cha maji kilipokuumiza bega, ukasema Simoni wa Kirene naye hakuomba msalaba, alitwikwa tu. Binti yako Jeanine alikucheka: “Papa, hata malaria utaitafutia sura na mstari.” Ukamjibu kwamba ya malaria ulikwisha kuipata.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Yakobo. Ulihubiri jinsi alivyolaza kichwa juu ya jiwe akaona ngazi ya mbinguni, ukawaambia watu wa kambi kwamba mawe wanayolalia ni jiwe la Yakobo. Mama mmoja akasimama, Mukamugema, mkulima wa maharage aliyekimbia mji wa Kiwanja na wajukuu wanne. Hakupaza sauti.

“Papa Katekista, Yakobo alilala pale usiku mumoja, asubuhi akaenda zake. Siye tuko hapa mwaka wa pili. Weye unachukua somo, unapanda pikipiki, unaenda kulala kwako. Siye tunabakia na mawe.”

Watu walicheka, Papa, na wewe ukafunga kitabu. Ulitusimulia hayo mezani bila kula. Ulisema umekuwa ukiokota masomo katika maumivu ya wengine, kama mtu anayevuna shamba asilolilima. Jumatatu ukakunja mkeka na blanketi.

Cikuru alisimama mlangoni. Unamjua, hasira yake huwaka kabla ya kuni kufika. “Unaenda kufa kwa sababu ya neno la mwanamuke mumoja?”

“Naenda kulala. Toka mlangoni, mutoto yangu.”

Hakutoka. Ukazunguka kwa mlango wa jikoni, ukaondoka. Ulilala kambini majuma saba, chini ya turubai, na baridi ya mlima Nyiragongo ikakuingia kifuani. Juma zima la kwanza Mama aliendelea kukupakulia sahani yako. Baadaye akaacha, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Cikuru hakupanda kukuona hata mara moja, mpaka alipoitwa kukuchukua.

Siku ya kilio, Mukamugema alishuka kwa miguu na wamama wengine, ana kifurushi kwapani. Cikuru akamzuia kwenye lango: “Maneno yako ndiyo yamemuua. Rudi.” Akarudi na kifurushi chake.

Miezi michache baadaye kambi ikavunjwa. Watoto uliowafundisha Baba Yetu, hatujui walipo. Cikuru alipanda kutafuta mahali ulipolala. Alikuta mawe meusi matupu, hakuna wa kumwonyesha ni yapi yaliyokuwa yako. Alikaa pale mpaka jua likageuka, kisha akarudi. Tangu hapo haongei sana, naye alikuwa msemaji wa nyumba nzima.

Tulipoketi kuandika tangazo hili, Mama akasema Mukamugema awekwe kati ya wanaokukumbuka. Cikuru akasema, “Labda nife kwanza.” Mama akamjibu, “Basi andika lako peke yako, uone kama litajaza karatasi.” Majuma mawili karatasi ikakaa nyeupe. Halafu asubuhi moja akapanda gari la Kiwanja, alikosikia Mukamugema amerudi, bila kutuaga.

Alimkuta sokoni, ameketi chini, anachagua maharage. Akamuuliza akiwa amesimama: “Nieleze kama ni weye ulimuua papa yangu.”

“Kaa kwanza. Shingo inaniuma.” Cikuru akakaa. “Mara tatu nilimwambia aende. Nilimwambia: Papa Bagalwa, ile siku nilikuwa na hasira, mujukuu alikuwa na homa. Rudi kwa bibi yako. Na tena unakoroma, hakuna anayelala hapa. Akacheka. Akasema: Mama, somo nililifuata, nikalipata juma la kwanza, likaisha. Sasa niko na majirani tu.”

Mwaka mzima Cikuru alikuwa ameamini kwamba ulifukuzwa kwako kwa aibu. Sasa akasikia kwamba ulibaki kwa kupenda.

“Na siye?” akauliza. “Siye tulikuwa nani?”

“Ile hakuniambia.” Mukamugema akatupa kokoto pembeni. “Siku ya kilio nilileta shuka yake. Nilikuwa nimeifua.”

Papa, mwanao ambaye hajawahi kumwomba mtu radhi, hata wewe, alimwomba mama yule radhi katikati ya soko, mbele ya wauza ndizi, akamweleza na habari ya tangazo hili. Yule akamtazama kidogo. “Utaandika jina? Basi uandike vizuri. Mukamugema Pascasie. Watu wanalikatakata.”

Misa yako itasomwa Jumamosi, saa moja asubuhi. Hatutakuwa wengi, kwani watu wako wengi wametawanyika. Aliye karibu aje.

Wanaokukumbuka ni mke wako Mwavita, binti yako Jeanine, dada yako Baharanyi, mwanao Cikuru, na Mukamugema Pascasie wa Kiwanja, jirani yako.

Mawe uliyalalia wewe, na somo lake ulilipata. La kwetu ni kitanda chako kitupu, na hilo bado hatujalisoma. Tutakukumbuka daima, Papa, na swali letu tutalibeba mpaka siku tutakapokuuliza wewe mwenyewe.