Kofia ya Guka

Cherotich, wacha hiyo kazi kidogo usome.

Unaijua ile godpapa ya baba, ile kofia bapa aliyoachiwa na babake, Guka? Ile haivui ila wakati wa kula na kuomba? Ile ametuimbia tangu tukiwa watoto ati Guka aliinunua Nyeri kwa jasho lake?

Leo nikampeleka duka la kofia hapa Dallas nimnunulie mpya. Mwenye duka ni mzee wa Ireland. Kuiona tu, akasisimka! Ati ni sufu iliyofumwa kwa mkono, ati kwao wakulima ndio walizivaa, ona vile kitambaa cha juu kimeshonewa kwa mdomo wa mbele. Akaomba kuishika. Akaigeuza ndani.

Cherotich, kuna jina limetariziwa humo! Sullivan. "Sullivan ni nani?" akauliza, akicheka.

Baba hakucheka. Aliichukua, akatoka.

Kwa gari nikamuuliza. Nikamuuliza tena. Akasema, "Baba yangu hakununua kofia. Alitoka nayo msituni, wakati wa vita vya uhuru."

Nikasema labda aliiokota.

Akaniangalia. "Kofia haianguki yenyewe kutoka kwa kichwa cha mzungu."

Haianguki yenyewe! Cherotich, mtu aliuawa. Na sisi tumeipigia picha kwa kila harusi!

Nikamwomba tusiingie nayo nyumbani. Akaivaa, akaivuta mpaka kwa nyusi. "Washa gari."

Sahi yuko mezani. Ameombea chakula, anakula.

Hajaivua.