Chale za Nkambo Juu ya Vyungu

Kafutuma, Nchelenge
Tarehe 16 Juni 2025

Mpendwa yaya Chouchou, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka upande huu wa ziwa. Goti lako limepoa? Na hapo Kolwezi wote wanaamka vizuri? Sisi tu wazima, isipokuwa mafua ya baridi, nayo hayaui mtu.

Najua huulizi habari za mafua. Unataka kujua kama ukoo wa Saviour, mchumba wake, umempokea mwanao Plamedie, maana amekulia mikononi mwangu na wewe hukuweza kuvuka kuja. Subiri, nitafika huko.

Kwanza nimsifu mtoto. Kuna mwalimu hapa, mama Jessica, amemfundisha kuchapa maua kwa jua. Anapaka dawa kwenye kitambaa cheupe cha pamba, anakikausha ndani gizani, anapanga maua juu, anafunika na kioo cha dirisha langu (mpaka leo hajakirudisha), kisha anakitoa juani. Akishakisuuza, kitambaa chote ni buluu, na pale ua lilipolala pamebaki peupe hadi mishipa yake. Nilimcheka, nikasema ni mchezo wa watoto. Sasa nimefunga mdomo.

Wabemba, watu wa Saviour, wana desturi ya amatebeto: upande wa bibi arusi hupika na kuwapelekea wakwe vyungu vya chakula. Plamedie akachapa vitambaa vinne vya kuvifunika. Katikati aliweka maua ya maboga, ambayo Wabemba hawayakosi shambani. Aliyakandamiza ndani ya kitabu cha nyimbo tangu wakati wa mvua. Pembeni akapanga nyuzi kwa mfano wa chale za tumbo la nkambo wetu, mama ya papa, zile ulizomchorea ukamtumia kwa simu. Yaya, nilitokwa machozi.

Siku yenyewe mke wangu Claire aliongoza akina mama vizuri sana. Mimi, mdomo wangu hauna mlango, nikawaeleza wakwe kwamba mistari ile ni tumbo la nkambo wetu marehemu. Wakatazamana, kama waliosikia kwamba maiti imelala juu ya chakula chao. Claire alinikanyaga mguu, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ya tatu vyombo vikarudi, vimejaa samaki wakavu. Vitambaa havikurudi hata kimoja. Plamedie aliamini wamevichoma moto, na yeye mwenyewe watamkataa. Siku mbili hakula. Niliona aibu kubwa.

Jana kanisani akaingia mama Chiti, shangazi yake Saviour, yule anayewauzia Wakongomani samaki sokoni Kashikishi. Alikuwa amebeba mjukuu mgongoni kwa vitambaa vyetu, vyote vinne vimeshonwa pamoja. Mama Chiti akamshika Plamedie mkono mbele ya watu, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Nkambo yenu tulibaki naye. Na huyu mutoto pia hatutamurudisha."

Basi lala usingizi, yaya. Tusalimie kaka Baudouin na Colette. Mungu aliyemtunza binti yako huku akutunze na wewe huko.

Wako akupendaye,
mdogo wako Hugues