Mukono wa Papa mbele ya dokta

Jumanne jioni

Basi kipimo cha leo hakina maana. Hapa Kalemie hakuna mashine ya kuonyesha ncha za mishipa ya fahamu katika ubongo wa Papa, baba yangu, zinatoa kiasi gani cha dopamini, kemikali ya kutuliza mwili usitetemeke. Dokta anapima kwa vidole: Papa agonganishe kidole gumba na cha shahada, mbiombio, kabla ya kumeza dawa ya kutetemeka ya siku ile.

Aligonganisha vizuri mno. Dokta akafurahi, akapunguza dawa.

Njiani Papa akaniambia, "Nilimeza asubuhi. Muntu mukubwa vile, nitamusalimia na mukono yenye kutetemeka?"

Kesho nitarudi kumueleza dokta. Papa hataki, anasema nitamuaibisha.

Saa hii anakunywa chai. Amenipa mugongo ili nisione kikombe amekishika kwa mikono miwili.