Nimehamisha Tovuti ya Mlenda Kwa Kumkwepa Mkwe, Sasa Wateja Hawanioni

Shikamoo Bi Mwantum. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu bila kumwambia mtu, na leo nimeona bora nikuombe msaada wewe usiyenijua uso, kwa sababu wanaonijua wananisifu, na sifa hizo sasa zinanichoma.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, Mgogo wa Haneti, naishi Chang'ombe hapa Dodoma mjini, na nauza mlenda mkavu, ule wa kuchumwa wakati wa mvua, ukaanikwa, ukatwangwa, na nasema bila aibu kwamba sijaona mlenda unaoufikia wetu, maana wanaouandaa ni wanawake kumi na wawili wa kwetu waliofundishwa na mama zao, na hawaachi mchanga wala hawachanganyi majani ya kuongezea uzito. Miaka minne iliyopita mkwe wangu Daudi, mume wa binti yangu Yudith, alinitengenezea tovuti inayoishia na .com, na Mungu ni mwema, ikafika mahali mtu akiandika "mlenda mkavu" kwenye Google wa kwanza kutokea ni mimi, awe Dar, awe Mwanza, hata Mgogo mwenzetu aliyeko Ujerumani alinipata hivyo hivyo akalia kwenye simu.

Sasa mwaka jana kwenye maonyesho ya Nanenane bwana mmoja alishika pakiti yangu, akasoma anwani ya tovuti, akaniuliza, "Mama, huu mlenda mnauagiza kutoka nchi gani?" Bi Mwantum, iliniuma. Mlenda wa Haneti uulizwe nchi yake. Nikaapa kwamba anwani yangu itaishia na .co.tz ili kila mtu asome kwamba huu ni wa Tanzania. Nikamtuma Yudith amwambie mumewe, naye akajibu kupitia kwake kwamba wazo ni zuri ila nisiwe na haraka, kwanza tukae pamoja siku nzima kwenye kompyuta, tupitie ukurasa mmoja mmoja, ili anwani ya zamani iwe inawapeleka watu kwenye mpya. Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu mama mkwe haketi bega kwa bega na mkwewe, mimi na Daudi hata kula hatuli meza moja, ananiamkia ameinamisha kichwa na mimi naitikia nikiangalia pembeni, maneno yetu yote hupitia kwa Yudith, sasa nitakaaje naye siku nzima tukitazama kioo kimoja?

Basi nikazunguka. Nikaenda kwenye duka moja la steshenari, wakaniandikishia anwani mpya, wakanakili kurasa zote, na waliponiuliza ya zamani ifanyweje nikasema ifungwe, sitaki kuwa na sura mbili. Usajili wake ulipofika mwisho nikamwambia Yudith, "Mwambie mwenzio asilipie tena," na Daudi kwa heshima yake hakubisha. Jumapili ile nikasimama kanisani Haneti nikawatangazia kina mama kwamba sasa tuna anwani ya kwetu, wakapiga vigelegele.

Tangu siku hiyo simu imenyamaza. Oda zilizokuwa kumi na kitu kwa wiki sasa ni mbili, na mvua zimenyesha vizuri, kina mama wanachuma kila asubuhi, magunia yanajaa stoo, na wakiniuliza nawaambia mtandao unasumbua. Nimewadanganya. Daudi anajua, nauona ukweli huo kwenye kuinama kwake. Je, Google inaziadhibu tovuti za .co.tz? Nirudi kwenye .com nimeze fahari yangu? Na nitazungumzaje na mkwe bila kuvunja heshima?

Mama Yudith, Chang'ombe

*

Marahaba, Mama Yudith. Barua yako nimeirusha mbele ya foleni kwa sababu siku zako zinahesabika, utaona kwa nini.

Kwanza ondoa hofu. Nimemuuliza Respicius, fundi wa tovuti hapa gazetini kwetu, mtu asiyecheka ovyo, naye kacheka. Hakuna anayeadhibiwa kwa kutumia .co.tz. Tena kwa anayetafuta akiwa hapa nchini, mwisho huo unaweza kukusaidia, kwa kuwa unaonyesha kwamba unawalenga Watanzania. Wa Ujerumani huenda akakuona chini kidogo kuliko zamani, lakini anayeutafuta mlenda akiwa huko, niambie, ana wauzaji wangapi wa kuchagua?

Kilichokuangusha ni namna ulivyoiacha anwani ya zamani. Kwa miaka minne watu wamekuwa wakiitaja tovuti yako, wapishi kwenye kurasa zao, vikundi vya Wagogo walioko Dar, na kila aliyekutaja alikuwa anakujengea jina. Jina hilo lilijengwa kwenye anwani ile. Mwenye duka wa Chang'ombe akihama fremu huacha maneno kwa majirani: yule mama yuko mtaa wa pili, kata kulia. Wewe ulifunga mlango ukaondoka bila kumwambia hata jirani, halafu unashangaa wateja hawaji. Kwa Google wewe sasa ni mgeni asiye na mdhamini. Daudi alikuwa sahihi, wewe ulikosea, na ukubwa wako hauwezi kugeuza hilo.

Tena unasema hukutaka sura mbili. Sura mbili ni kuwaambia wanawake kumi na wawili kwamba mtandao unasumbua wakati unajua ulichofanya. Wanainama shambani asubuhi na umande kwa kukuamini wewe. Waambie kabla gunia jingine halijaingia stoo, wapunguze kuchuma wakitaka, uamuzi uwe wao.

Usirudi .com. Lakini usajili wake uurudishe leo. Ukiisha muda, mwenye nao kwa kawaida huwa na siku chache za kuukomboa, pengine kwa gharama zaidi, kisha huachiwa yeyote autakaye. Wiki tatu tayari zimepita. Akiunyakua mwingine, kila pakiti yako iliyoko jikoni kwa mtu itakuwa inampelekea yeye wateja. Daudi ndiye mwenye funguo, basi alipie, halafu kila ukurasa wa zamani auelekeze moja kwa moja kwenye mwenzake wa sasa, maelekezo ya kudumu, asiwamwage watu wote ukurasa wa mbele. Google wana huduma ya bure kwa wenye tovuti, na humo kuna sehemu ya kutangaza kwamba umehama, aitumie. Hiyo anwani ya zamani muishikilie mwaka mmoja au zaidi. Respicius anasema ingekuwa yake asingeiachia kamwe. Oda zitayumba wiki kadhaa, na katika wiki hizo tulia, usiende steshenari.

Sasa mkwe. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, kwetu pia ukwe una adabu zake, kwa hiyo sikukejeli. Ila adabu hiyo iliwekwa ili nyumba isiharibike, na wewe umeitumia kukwepa kuambiwa "subiri". Kazi yenyewe haihitaji kioo kimoja; Daudi ataifanya akiwa kwake, wewe ukiwa kwako, mkiandikiana. Kinachohitaji mjumbe ni kuomba radhi, na kwa hilo usimtume Yudith, maana si haki binti kubeba makosa ya mama yake hadi kwa mumewe. Mshenga yupo. Aliyeleta posa kazi yake haikuisha siku ya harusi. Yeye ndiye wa kwenda kusema kwamba mama anakiri kosa, na anaomba msaada wake.

Leo asubuhi nimekutafuta mwenyewe. Nimeandika "mlenda mkavu", nikashuka, nikashuka tena, nikakukuta ukurasa wa tatu. Pale juu kabisa umeandika kwamba mlenda huu umechumwa na kukaushwa Haneti, Dodoma, Tanzania, na ukawataja wale wanawake wote kumi na wawili, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Nimezisoma kurasa za waliokutangulia wote, Mama Yudith. Hakuna hata mmoja aliyetaja mtu. Weka gazeti chini umpigie mshenga.