Maharagwe Katikati ya Kahawa

Jumatano, Wamagana. Baridi ya Juni, vidole vimekufa ganzi, lakini moyo wangu unachemka.

Niandike kabla hasira haijapoa. Juzi afisa wa kilimo alipita hapa akaona maharagwe niliyopanda katikati ya mikahawa yangu. Sheria haitaki hivyo; shamba la kahawa liwe na kahawa tu. Akasema anarudi leo, na akikuta hata shina moja, vibarua wake watang'oa yote na mimi nitapelekwa kwa chifu.

Baba yangu alikatazwa na Mzungu kupanda kahawa. Mimi, ndani ya uhuru, nakatazwa kupanda kitu kingine chochote. Na kahawa hailiwi! Maharagwe yale yalikuwa bado mabichi. Nilikuwa nangoja yakauke niyaweke ghalani, watoto wangu wafike nayo mavuno mengine.

Jana nilimwendea mzee wa kanisa. Akaniambia ning'oe mwenyewe, nitii wenye mamlaka, halafu nimngoje Mungu atende muujiza. Yaani nitupe chakula ndipo niombe chakula. Nilitoka bila kumaliza chai yake.

Nakiri ombi langu halikuwa zuri. Nilimwomba Mungu ampofushe yule afisa, kama alivyowapofusha Washami mbele ya Elisha. Leo alfajiri nikakuta ukungu mzito, hata mikahawa haionekani. Nikapiga makofi peke yangu uani. Nimejibiwa!

Mama mkwe wangu akatoka jikoni.

"Hii ukungu itaisha jua ikitoka," akasema. "Na huyo mtu haamkangi mapema. Nimeita ngwatio."

Ngwatio ndio hao akina mama wa ushirika wetu, tunaolimiana mashamba kwa zamu. Walikuja na vyondo, kanga zimefungwa kiunoni, wakang'oa kila shina. Kila mmoja akabeba mzigo wake kwenda kupikia watoto wake, na kila mmoja akaahidi kwamba maharagwe ya shamba lake lisilo na kahawa yakikauka ataniletea yangu. Nilikuwa nimekesha nikilia, na jibu hilo halikunijia hata mara moja.

Afisa alifika jua likiwaka, macho yake mazima kabisa.

"Maharagwe imeenda wapi?"

"Ati maharagwe?" mama mkwe akamjibu. "Si wewe ulisema hutaki kuiona?"

Akazunguka mikahawa yote, akainama, akafukua udongo kwa kiatu. Halafu akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Jioni mzee wa kanisa akapita kunipa pole. Kusikia habari yote, akatikisa kichwa: huo si muujiza, ni ujanja wa wanawake.

Sikubali.

Mana ilianguka, ndiyo, lakini aliyebaki kulala hakuokota kitu. Bahari ya Shamu ilipogawanyika, Waisraeli walivuka kwa miguu yao wenyewe, na sijasoma popote kwamba walitulia ng'ambo ile wakimsubiri Farao awape ruhusa. Mungu alikuwa shambani kwangu asubuhi hii. Nilimwona katikati ya akina mama, ameinama mgongo.

Mvua ya Oktoba ikianza nitapanda tena, katikati ya mikahawa hiyo hiyo. Afisa anaijua nyumba yangu. Mungu pia anaijua. Waje wote wawili.