Mapenzi Kwenye Kisanduku cha Maelezo

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu. Naandika tena: mume wangu! Wiki ya tatu sasa na bado neno hili linanijaa mdomoni kama pipi kubwa. Leo nimeanza kazi rasmi gerejini kwake — kwetu! Lazima nizoee kusema kwetu. Chumba cha mbele ni cha magari, cha nyuma ni ofisi, na mlango wa ofisi ukifunguliwa unaingia moja kwa moja jikoni kwangu. Harufu ya oili na harufu ya chai zinakutana kizingitini. Sijawahi kuona mlango mzuri namna hii.

Yeye spana hazishiki sana. Anachomeka waya chini ya usukani, anavuta faili kutoka kompyuta ya injini, analibadilisha kwenye laptopu — mafuta kiasi gani, hewa kiasi gani — halafu analirudisha. Gari lililokuja likijikokota linaondoka kama limesikia ngoma.

Ila mafaili yenyewe! Nimefungua folda nikacheka mpaka kwikwi. "Mwisho." "Mwisho kabisa." "Hili ndilo." "Hili ndilo kweli." "Usiguse." "Usiguse 2." Nikamuuliza, mpenzi, sasa lipi ndilo? Akakuna kichwa, akasema inategemea. Alivyokuwa mzuri akikuna kichwa!

Jumatano, 5 Machi

Amenifundisha programu ya kulinganisha. Unaweka faili la kiwandani kushoto, lake kulia, na kila namba iliyobadilishwa inawaka nyekundu. Kwa nje huwezi kuyatofautisha, ukubwa ni uleule. Ukiyaweka ubavu kwa ubavu, yanasema yenyewe. Tulikaa kiti kimoja kwa sababu kiti cha pili kina betri juu yake. Ahsante Mungu kwa ile betri.

Nami nimeweka programu nyingine, ya kufuatilia mabadiliko. Kila ukisevu inatunza toleo jipya, na la zamani linabaki palepale. Hakuna tena kubuni majina. Kinatokea kisanduku tu: Umebadilisha nini? Usipoandika kitu, haisevu. Maelezo hayo ndiyo yanakuwa jina la toleo. Nikamwambia mambo ya "Usiguse 2" yamekwisha. Akasema ndiyo, bosi.

Bosi!

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua historia ya teksi moja asubuhi. Toleo la kwanza: "Nimeongeza hewa kidogo mwendo wa kati." Vizuri. La pili: "Nimepunguza mafuta gari likisimama. Pia nimekukumbuka." Nilikuwa jikoni! Hatua chache tu! Nikafungua toleo jingine kwa makusudi, nikabadilisha namba moja nikairudisha, nikajaza kisanduku: "Nipo nakuona. Kula mkate wako."

Tumeshinda hivyo siku nzima. Wifi yangu, anayepokea magari kule mbele, amesema tukiendelea hivi ataanza kulipisha watu kiingilio. Cheka tu, wifi. Zamu yako itafika.

Jumapili, 9 Machi

Baba amepiga simu. Mwenyewe!

Tangu harusi hajakanyaga hapa. Siku ile mpenzi alipokuja kujitambulisha, Baba alimtazama mikono akauliza, fundi gani kucha safi hivi? Alikubali kwa sababu ya machozi yangu tu, na mpaka leo hajamwita mkwe. Ni "yule kijana wako".

Sasa pikapu yake ya kusambazia mikate inachoka mlimani. Fundi wake wa siku zote ameshabadilisha kila kinachofunguka. Baba akakohoa, akasema, basi, yule kijana wako aitazame na hiyo sinema yake.

Nimeruka jikoni peke yangu mpaka sufuria zimelia. Pikapu ikipona, Baba atakuja hapa kama mtu anayekuja kwa watoto wake. Sitaki kitu kingine. Nina kila kitu kingine.

Jumanne, 11 Machi

Baba amekuja. Shikamoo, marahaba, kiti, chai. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mpenzi kavuta faili, kalitunza la kwanza kama lilivyo, kisha kafanya toleo la upole. Halafu toleo la nguvu, la majaribio, akalizungusha barabara tambarare ya nyuma. Akasema hili ni kali mno kwa pikapu ya mizigo, akarudi kwenye la upole.

Kila akisevu, kisanduku. Baba kauliza, unaandika nini muda wote? Maelezo ya kazi, baba, akajibu. Nikaugeukia ukuta! Maana nilikuwa nimeshaona: "Shingo yako leo." Mpenzi alipokwenda kunawa, nami nikasevu toleo langu la kumjibu.

Baba kaizungusha pikapu, karudi, kasema neno moja. "Nyepesi." Akaongeza, tutaona mlimani.

Nyepesi! Kutoka kwa Baba, hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 13 Machi

Habari si nzuri. Geji ya joto ya pikapu ya Baba imepanda mpaka mwisho, katikati ya mlima. Moshi mweusi. Mikate imelala njiani, maduka yamefungua bila mikate. Baba kasema taratibu, na akisema taratibu ndiyo mbaya zaidi: kesho ninaileta, airudishe kama alivyoikuta, na baada ya hapo kila mtu na njia yake.

Mpenzi anasema haiwezekani, la upole halipandishi joto hivyo. Tumefungua historia. "Shingo yako leo." "Wewe tu." "Wewe tu tena." "Jana ulicheka usingizini."

Tumetazamana. Kazi iko wapi? Lipi la upole, lipi la majaribio? Tumeyalinganisha moja moja mpaka tumejua. Lakini lipi limeingia kwenye gari? Hilo linajua gari lenyewe.

"Wewe tu tena" niliandika mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa jikoni, kwenye kigoda, mlango wa ofisi wazi. Nianze mwanzo.

Baba kaja na suruali yake ya kazini. Chai kakataa. Kukataa chai yangu! Mpenzi kachomeka waya, kavuta kilichomo ndani ya pikapu. Baba kasema, safari hii nataka kuona. Tukaondoa betri kwenye kile kiti, akaketi katikati yetu, akavaa miwani.

Akaanza kusoma. Kwa sauti.

"Shingo yako leo." "Hii ni sehemu gani ya injini?"

Wifi kakimbilia nje. Nilimsikia akicheka mpaka barabarani.

"Jana ulicheka usingizini." Baba kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. "Na hii ni ya mafuta au ya hewa?"

Masikio ya mpenzi yalikuwa mekundu kuliko programu yoyote. Aliweka faili la pikapu kushoto, toleo la upole kulia. Wekundu mtupu upande wa mzigo mzito, kama mtu kamwaga rangi. Kisha pikapu na lile la majaribio. Hakuna. Hata namba moja. Yaleyale.

Mpenzi wangu akasimama. Akasema, baba, kosa ni langu. Nilitaka kukuwekea la upole, nikachagua la majaribio, kwa sababu mahali pa kuandika kazi niliandika hayo uliyosoma. Faili lako la kwanza lipo, halijaguswa. Nalirudisha sasa hivi, kama ulivyosema.

Nikasema, nami nilikuwa najibu, Baba. Sauti ilitoka kama ya kuku.

Baba hakututazama. Aliweka kidole kwenye wekundu. "Kwa hiyo hii ndiyo iliyonilaza njiani."

"Ndiyo, baba."

"Niwekee ile ya kwanza na ya upole."

Mpenzi akayaweka. Vidoa vichache tu, hapa na pale. Baba akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Hapa na hapa tu?"

"Hapa na hapa tu."

"Fundi wangu kanibadilishia vitu miaka na miaka," Baba akasema. "Hajawahi kunionyesha alipokosea." Nilisikia bomba la jikoni likidondosha. "Weka ya upole."

Moyo wangu!

"Lakini muandike kazi kwanza. Mnanisikia? Kazi juu. Mapenzi yafuate chini." Kisha akaongeza, kama anayejisemea, "Mama yako naye, miaka yote hii, hajawahi kuniambia kama nacheka usingizini."

Sijui nilicheka au nililia. Vyote, nadhani.

Basi sasa hivi mpenzi yuko nje na waya, faili linaingia kwenye pikapu taratibu. Kesho watapanda mlima pamoja na mzigo wa mikate, wote wawili, Baba amesema yeye ataendesha na yule atatazama geji. Itakuwaje, sijui. Mlima haujapandwa bado. Ee Mungu, usiku huu nitakushukuru kwanza kabla ya kuomba.

Kisanduku kilikuwa wazi kwenye laptopu, kinasubiri. Umebadilisha nini? Nilisogea nikijaze. Baba akaniambia, wewe toka hapo. Anaandika yeye, kidole kimoja, anatafuta kila herufi kama sindano kwenye zulia.

Ameita sasa, bila kunyanyua macho. Ile chai bado ipo?

Ipo, Baba.

Leta. Na ya mkwe.

Mkwe!!

Nimepeleka vikombe. Nimewahi kuona mstari wa kwanza: "Mafuta ya mlimani yamepunguzwa." Sasa ameanza wa pili, na ameweka kiganja mbele ya kioo nisione.