Kona ya Mlimao

Jumatano, 3 Juni

Bomba limepasuka tena! Asubuhi nafungua koki ya jikoni — ikakohoa, ikatema kutu, basi. Nje, uwanja umelowa kuanzia kwenye mita ya maji hadi karibu na mlimao. Lile bomba la chuma liko chini ya ardhi tangu nyumba ijengwe, limechoka kabisa. Fundi alisimama juu ya tope, mikono kiunoni. (Fundi ndiye mume wangu. Mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu anatengeneza malori, na mimi nimeambukizwa.) Nilijua anawaza nini. Jumatatu anaondoka — kazi ya mkataba, miaka miwili, karakana ya mitambo mikubwa huko wanakojenga bwawa. Kazi aliyoiota tangu tuoane! Sasa bomba likipasuka hayupo, nani atafukua uwanja mzima?

Jirani yetu Redio — tunamwita hivyo kwa sababu hana swichi ya kuzimia — akachungulia juu ya ukuta. Eti shemeji, mzee akiondoka mtakunywa nini? Nikamwambia tutakunywa maneno yako, hayakauki.

Mchana Fundi alichezea chakula tu. Akasema labda awapigie simu wale wa bwawa, awaambie haji. Nikamwambia thubutu!

Alhamisi, 4 Juni

Amekuja na mpango. Bomba nene la plastiki lizikwe kutoka kwenye mita hadi ukuta wa jikoni, huku nyuma. Hilo halitoki tena. Ndani yake lipite bomba jembamba, jeusi, lile linalouzwa kwa roli, limeviringishwa — ndilo la maji. Jembamba halishikizwi popote ila kwenye ncha zake mbili. Likiharibika unafunga maji, unalegeza nati huku na huku, unalivuta lote, unaingiza jipya. Hakuna jembe! Alinichorea kwa chaki yangu ya kushonea, juu ya meza yangu ya kukatia, nusura achafue kitambaa cha sare za shule.

Nikamwambia mbona hiyo ni kubadilisha lastiki ya sketi. Vipi? Nikamwonyesha. Huitoi ya zamani kwanza halafu uanze kuhangaika na pini. Unashonea mpya kwenye mkia wa ile ya zamani, unavuta moja, ya pili inafuata yenyewe. Aliitazama ile sketi weee! Halafu akanibusu kwenye paji la uso, pini zikiwa bado mdomoni mwangu. Nampenda huyu mtu. Atanitoboa siku moja, lakini nampenda.

Ila ametoa sharti. Kabla hajaondoka, nilivute bomba mwenyewe, peke yangu. Yeye atakaa pembeni, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Nikishindwa, haendi. Nilidhani anatania. Hatanii.

Ijumaa, 5 Juni

Kuchimba kutwa. Fundi na vibarua wawili. Mimi nimebeba maji kutoka kwa Redio, ndoo baada ya ndoo, na kila ndoo ina ushauri wake. Mgongo wote unauma. Nalala.

Jumamosi, 6 Juni

Nilikwenda kupeleka sare, narudi nakuta bomba nene limeshalazwa na mchanga laini umeshamwagwa juu yake. Nikafuata mtaro kwa macho. Unatoka kwenye mita umenyooka vizuri, unafika kwenye mlimao — unakata kona! Unazunguka mti, halafu unaendelea na safari yake.

Nikauliza vibarua. Wakacheka. Wakasema mzizi mkubwa ulikuwa umelala katikati ya njia, wakainua shoka, Fundi akawapokonya. Aliwaambia mizizi ya mke wake haikatwi.

Nini tena? Mlimao huo niliupanda wiki tuliyohamia hapa, mche wenyewe ukiwa kwenye kopo la maziwa. Sikujua kama anakumbuka. Hajawahi kusema lolote kuhusu mlimao, zaidi ya kulalamika kwamba miba inamchana mashati.

Nilimwambia, baba, pindo lenye kona pini hukwama. Akajibu kwamba hii si sketi, mama.

Jioni maji yametoka! Meupe, yenye nguvu. Nimeosha vyombo ambavyo hata havikuwa vichafu.

Jumapili, 7 Juni

Siku ya mtihani. Fundi akakaa kwenye kigoda barazani, mikono nyuma. Nikafunga maji kwenye mita, nikalegeza nati, nikafunga bomba la akiba kwenye mkia wa lile lililomo, kwa waya na utepe, kisha nikazunguka nyuma kwenye ukuta wa jikoni. Kutoka huko mita haionekani, wala baraza.

Nikavuta. Likaja! Likaja vizuri, jeusi, limelowa, nikaanza hata kuimba. Halafu likakwama. Nilijua ni wapi. Nikavuta kwa mwili mzima, mguu mmoja ukutani. Wapi! Nikaenda kulipaka sabuni ya maji, nikarudi. Wapi.

Nikajiinamia. Na hapo likanijia wazo ambalo sikulitafuta: nikiliachia tu, anabaki. Sihitaji kumwomba wala kulia mbele yake. Niseme tu nimeshindwa. Kitanda hakitakuwa kikubwa kupita kiasi, na mtu wa kulalamikia miba nitakuwa naye. Machozi yalinitoka, nakiri. Halafu nikakumbuka uso wake alipopata barua ya ile kazi, alivyoisoma akiwa amesimama, akairudia akiwa amekaa. Nikashika bomba tena.

Likaja ghafla! Jepesi kiasi kwamba nilianguka matako chini. Nikavuta hadi lile la akiba likachungulia, nikakimbia barazani kumwambia. Kigoda kitupu. Fundi anakuja kutoka upande wa mita, tope hadi kwenye viwiko. Eti alikwenda kuangalia kama mita iko salama.

Redio juu ya ukuta: hongereni shemeji, mmevuta vizuri nyinyi wawili!

Nikajifanya sikumsikia. Fundi akasema nimefaulu, na akaenda kupanga nguo zake. Sijui alisukuma kwa sababu anataka kwenda au kwa sababu hawezi kukaa akiniona nahangaika. Nadhani hata yeye hajui. Lakini jioni yote amekuwa akifungua koki ya jikoni na kuifunga, anafungua, anafunga. Na simu yake haijatoka mkononi.

Jumatatu, 8 Juni

Gari la kumchukua linakuja saa nne. Yeye amelala bado, begi liko mlangoni. Nimeamka kabla yake nirudie mtihani, safari hii peke yangu kweli: nimefunga maji, nimelegeza nati, nimefunga mkia, nimepaka sabuni. Nimevuta. Limekwama palepale, kwenye mlimao.

Nimekaa juu ya ndoo niliyoifudikiza, viganja vinawaka. Daftari limejaa sabuni. Nafikiri. Jana nilivuta kama yeye — kwa nguvu! Kwani pini ikifika kwenye kona ya pindo mimi hufanya nini? Sivuti. Nalegeza, narudisha nyuma kidogo, nabembeleza, navuta kidogo. Miaka yote hii nafanya hivyo na jana sikukumbuka!

Nimejaribu. Limesogea. Kidole kimoja, lakini limesogea!

Fundi ameamka. Nimesikia koki ya jikoni ikikohoa. Halafu dirisha likafunguka juu ya kichwa changu, akauliza, mama, maji yamekwenda wapi? Nikamwambia ninayo hapa mkononi, na asitoke humo ndani, hata nikipiga kelele. Hata kidogo! Akaangalia bomba, akaniangalia mimi. Akaangalia upande wa mita. Nilidhani atabisha.

Hakubisha. Yuko dirishani sasa hivi, na fulana yake ya kulalia, ndevu hazijanyolewa. Midomo inamcheza. Ameweka mikono nyuma.

Limesogea tena. Naishia hapa, nahitaji mikono yote miwili